Gari la Baba linatuangusha njiani: nilivunje lote, niliuze, au nifanyeje?

Shikamoo, mzee.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36. Baba yangu ana Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971. Alilinunua kabla sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo alilitengeneza mwenyewe. Miaka minne iliyopita macho yalianza kumpungua na daktari akamkataza kuendesha, gari likabaki bandani chini ya turubai. Mwaka jana alinikabidhi ufunguo pamoja na daftari lake la matengenezo, akaniambia neno moja tu: "Lisioze."

Nikaanza kwa nilivyojua. Nililipeleka kwa fundi wa bodi, akalipiga puti na rangi ya samawati kama ya mwanzo, likarudi linang'aa. Fundi mwingine akaweka betri mpya, akasafisha kabureta, likawaka. Siku hiyo Baba alilia. Tangu hapo, mzee, ni mateso.

Kwanza breki. Pedali inazama mpaka chini. Ukipiga mara ya pili na ya tatu ndipo inapanda. Fundi aliongeza mafuta ya breki akasema tatizo limekwisha, na baada ya wiki mbili limerudi. Pili, asubuhi nikifungua mlango nakutana na harufu ya petroli. Tatu ndilo lililonivunja moyo. Nikiwa barabarani na watoto, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Nikadhani ni mambo ya chaji tu, nikaendelea kama dakika kumi nifike nyumbani. Injini ikaanza kuishiwa nguvu, ikazima. Tulivutwa kwa kamba. Fundi akakuta mkanda wa feni umekatika, akafunga mwingine, gari likawaka tena. Lakini Baba alikaa kwenye benchi bandani akisikiliza injini, kisha akasema, "Kushoto kumenyamaza." Nilimuuliza ana maana gani, akasema niwaulize mafundi. Mafundi hawakujua.

Sasa fundi mmoja anasema tulivunje lote, kila kitu kitoke, lijengwe upya. Mwingine anasema tuitupe injini hii, tufunge ya gari la kisasa. Mume wangu anasema niuze, na tangu siku ile hataki watoto walipande. Mimi nataka kitu kimoja: nimpakie Baba nimzungushe, bila kuogopa. Nianzie wapi?

Binti wa Mwenye Gari

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na maneno ya baba yako, kwa sababu katika barua yako yote hayo ndiyo yaliyonishtua. Gari lile halina rejeta wala maji. Injini yake hupozwa na upepo unaosukumwa na feni, na feni hiyo imefungwa kwenye shafti ya jenereta. Mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Ukikatika, jenereta inasimama na taa nyekundu inawaka, lakini na feni nayo imesimama, na injini inaanza kujipika. Kwenye magari mengi taa ya chaji inakupa muda wa kufika nyumbani. Kwenye hili inakwambia zima sasa hivi. Hakuna aliyekufundisha hilo, kwa hiyo usijilaumu, ila kuanzia leo kila atakayeshika usukani wa gari hilo alijue kabla ya kupewa ufunguo.

Sasa, "kushoto kumenyamaza". Valvu za injini hii, yaani vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi za kila silinda, zinatakiwa ziwe na nafasi ndogo kati yake na mikono inayozisukuma, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tiki-tiki ambao baba yako ameusikiliza maisha yake yote. Valvu ikilegea inapiga kelele, na kelele hiyo haina madhara makubwa. Ikikaza, inanyamaza. Hapo haifungi vizuri kwenye kiti chake, haipati pa kutolea joto, inaungua. Silinda ya tatu iko upande wa kushoto wa gari, ile iliyo karibu na viti. Kwenye injini nyingi za aina hii ndiyo inayoteseka zaidi kwa joto, kwa sababu kipozea oili kiliwekwa kwenye njia ya upepo wake. Injini imechemka, halafu mzee anasema hasikii upande wa kushoto. Mimi ningemwamini kabla ya kumwamini fundi mwenye mashine.

Basi usiliwashe tena mpaka valvu zote nane zipimwe kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ni kazi ya asubuhi moja. Vifuniko viwili pembeni mwa injini vinashikwa na kibanio cha waya tu, vinatoka kwa bisibisi. Kila kipimo kiandikwe kabla ya kurekebishwa, na hapo hapo fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Nafasi ikiwa imekwisha kwenye silinda ya tatu lakini kompresheni ni nzuri, irekebisheni, na mpime tena baada ya kilomita 500. Ikiwa imepotea tena, usiirekebishe mara ya pili. Valvu inarefuka au kiti chake kinazama, na silinda hedi lazima ivuliwe kabla valvu haijakatika na kuangukia pistoni. Ikikatika ndani, gharama yake ni injini nzima.

Nimeligusa hilo kwanza kwa sababu ni la haraka. Swali lako kubwa ni lingine: lote livunjwe au la?

Usilivunje. Naomba unisikilize hapa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na magari ya zamani niliyoyaona yakifa hayakufa kwa kutembea. Yalikufa yakiwa vipande. Mwenyewe alilivunja kwa moyo mweupe, akafika katikati, fedha ikakata au fundi akahama. Nati zikachanganyika kwenye makopo, bodi ikapigwa na mvua, na baada ya miaka mitatu hakuna aliyekumbuka kipi kilitoka wapi. Gari lililo zima hata kama ni bovu linajieleza lenyewe. Ukifungua sehemu moja, ukaitengeneza, ukaifunga, ukaijaribu, ndipo ukaenda nyingine, kila wakati unajua kosa jipya limetoka wapi. Ndivyo baba yako alivyolitunza, nina hakika daftari lake linaonyesha hivyo.

Na kubadilisha injini? Hapana. Injini ya kisasa inayopozwa kwa maji itahitaji rejeta, mabomba, giaboksi inayobeba nguvu ambayo hii ya sasa haikuundwa kwayo, na breki ambazo bado hujazitengeneza. Utakuwa umenunua matatizo mapya yasiyo na kitabu. Injini ya Beetle inashikwa kwenye giaboksi na bolti nne. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003, kwa hiyo spea bado zinaundwa. Shida yako haitakuwa kukosa spea. Itakuwa kuchagua iliyo nzuri, kwa maana zipo nyingi za kopi ambazo hazifiki mwaka. Kwa sababu hiyo, kila kinachotolewa kwenye gari, kabureta, distributa inayogawa cheche, jenereta, kisitupwe. Kifungwe kwenye mfuko, kiandikwe jina, kikae mpaka kipya kitembee kilomita elfu moja bila lawama. Mara nyingi kile cha zamani kikisafishwa na kubadilishwa gasketi kinakishinda kipya.

Utaratibu wangu ni huu: kinachosimamisha gari, kisha kinachoweza kuliunguza, kisha kinacholishikilia lisikatike, ndipo kinacholiendesha. Rangi ni ya mwisho. Wewe ulianzia mwisho, kama wanavyofanya wengi, na sikulaumu, ndicho kinachoonekana kwa macho.

Breki, basi. Kuongeza mafuta ya breki si kutengeneza breki. Kama yanapungua, yanatoka mahali. Kama hayapungui na pedali bado inazama, mipira ya ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imekwisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka minne bila kuguswa, unyevu huo unakula vyuma vya silinda za magurudumu kwa ndani, na mipira inayopita juu ya kutu inachanika. Kwa gari lililolala kama hilo mimi sifungui gurudumu moja. Nabadilisha masta silinda, silinda za magurudumu yote, na mabomba ya mpira yote manne. Hayo mabomba ya mpira watu huyasahau kwa kuwa nje yanaonekana mazima. Ndani yanavimba mpaka mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Weka mafuta mapya ya DOT 4, na uyabadilishe kila miaka miwili. Angalizo moja kwa ajili ya rangi yako mpya: mafuta ya breki yakidondokea rangi yanaimenya kama maji ya moto yanavyomenya ngozi ya nyanya. Kopo lake liko mbele, chini ya boneti, kwa hiyo tandika kitambaa kinene, na yakidondoka mwaga maji mengi papo hapo.

Baada ya kazi hiyo endesha taratibu kilomita tatu, simama mahali tambarare bila kukanyaga breki kwa nguvu, shuka, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu. Joto liwe karibu sawa. Lenye joto la peke yake, lina breki iliyoshika.

Harufu ya petroli siwezi kuipita haraka. Boksi la injini hiyo ni la aloi ya magnesi. Likishika moto sawasawa, ndoo ya maji inaongeza moto badala ya kuuzima. Magari haya mengi yameteketea kwa sababu ya kipande cha mpira cha urefu wa kiganja. Harufu inayokuja ndani asubuhi nadhani inatoka mbele, kwenye tangi, kwa kuwa tangi la gari hili liko mbele ya miguu yako: angalia mpira wa chini ya tangi na ule wa kujazia. Lakini usiishie hapo. Badilisha kila mpira wa petroli kuanzia tangini mpaka kwenye kabureta, pamoja na ule mfupi uliojificha juu ya giaboksi ambao mafundi huuacha kwa kuwa hauonekani. Petroli za siku hizi nyingi zina ethanoli, nayo hukausha mipira iliyotengenezwa zamani, kwa hiyo nunua ile iliyoandikwa kuwa inavumilia ethanoli, na kila kiungo kiwe na kibanio. Kama kuna chujio la plastiki lililoning'inizwa kwenye chumba cha injini, juu ya distributa, litoe leo na ulihamishie mbele karibu na tangi. Likivujia pale, linavujia cheche. Kisha nunua kizimamoto cha unga, kifungwe mahali mkono wako unapofika ukiwa umekaa.

Bado kwenye moto. Inua kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, upande wa kulia. Mtu mzito akikaa hapo, springi za kiti zinaweza kushuka mpaka zikagusa ncha za betri. Lile betri jipya ulilowekewa huenda ni refu kuliko la mwanzo. Hakikisha limefungwa lisicheze na lina kifuniko cha plastiki. Ukiwa hapo hapo, gonga bati lililo chini ya betri kwa kitako cha bisibisi. Asidi ndiyo inayoanza kulila gari hili, na huanzia mahali hapo.

Hiyo inatupeleka kwenye kutu, na hapa rangi mpya inanitia wasiwasi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini, uipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, na pembeni mwa sakafu. Mahali ambapo haikamati kuna puti nene, na chini ya puti huenda hakuna bati. Mikono miwili mirefu inayopita chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya joto, ndiyo inayolishikilia bodi. Sehemu ya mbele inapofungwa ekseli ndiyo inayoshikilia magurudumu. Hizo mbili zikiwa nzima, gari lina maisha marefu. Zikiwa zimeoza, achomelee mtu mwenye mkono uliozoea bati jembamba, na milango ibaki imefungwa au ishikwe na vyuma, la sivyo bodi itapinda na milango haitafunga tena. Na nikwambie kwa uaminifu: ikikutwa kwamba zote mbili zimeoza pande zote na huna fundi wa kumwamini, kumuuzia mtu anayeweza kulijenga si kumsaliti baba yako. Lakini usiamue hivyo kabla ya kupitisha sumaku.

Tairi usizisome kwa kashata zake. Gari lililolala lina tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokufa. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ikiwa ni tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, itupe. Mimi sipakii mtu juu ya tairi iliyopita miaka kumi. Upepo nao, wajazaji wengi huweka sawa mbele na nyuma. Uzito wa gari hili uko nyuma, kwa hiyo mbele huwa chini sana: kwa tairi za saizi ya 155 R15, karibu pauni 18 mbele na 27 nyuma. Likiwa linayumba kwenye upepo, angalia hilo kabla ya kununua tairodi, vile vyuma vya usukani.

Yaliyobaki ni malezi ya kawaida. Oili lita 2.5, kila kilomita 5,000, bila kuruka, kwa sababu injini hii haina filta ya karatasi, ina wavu wa chuma tu chini yake wa kuoshwa. Pima valvu kila unapobadilisha oili mara ya pili, na utie grisi ekseli ya mbele siku hiyo hiyo. Pointi za distributa, zile zinazokata umeme ili cheche itoke, ziwe na nafasi ya milimita 0.4. Na yale mabati yanayoizunguka injini pamoja na mpira wa pembezoni mwake, yawepo yote. Mafundi huyatoa kwa kuwa yanawazuia mikono, wakasahau kuyarudisha, na bila hayo feni inavuta tena hewa ile ile ya moto iliyotoka chini. Waulize waliofunga huo mkanda mpya kama waliyarudisha.

Mkanda wenyewe jifunze kuubadilisha wewe. Unahitaji spana namba 21 na bisibisi ya kuzuia puli isizunguke. Puli imegawanyika nusu mbili, katikati kuna visahani vyembamba. Ukitoa kimoja kutoka katikati, mkanda unakaza, na hicho ulichotoa unakiweka nje chini ya nati, hakipotei. Ukiubonyeza kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja na nusu. Baba yako akae kwenye benchi akuelekeze kwa maneno. Fanya mara tatu hapo bandani mpaka uweze bila kuuliza, halafu mkanda mmoja wa akiba na spana hiyo vikae ndani ya gari daima.

Kuhusu mumeo. Hajakosea, mwanangu. Aliona watoto wake ndani ya gari ambalo pedali ya breki inazama. Usibishane naye kuhusu kuuza. Siku magurudumu yanapofunguliwa mwite aje, ashike zile silinda za zamani mkononi, aone kutu iliyokuwa ndani, kisha aone mpya zikifungwa. Yeye awe wa kwanza kuijaribu pedali. Na kabla ya watoto kurudi kwenye gari, funga mikanda ya viti mbele na nyuma.

Ukishamaliza, usianze na safari. Zunguka nyumba zilizo jirani, rudi, angalia chini kama kuna tone. Kesho yake kilomita tano. Kisha ishirini. Likikubali hizo, mpakie baba yako mbele, si nyuma, nawe ufungue dirisha lako ili asikie injini vizuri. Akisema jambo, simama, liandike kwenye daftari lake pamoja na kilomita zilizosomeka.

Nawe niandikie tena. Nataka kujua silinda ya tatu ilikutwa na nafasi kiasi gani.